Kicheko Changu cha Redioni

Kwa miaka sita nilifanya kazi ya kucheka. Kwenye karatasi ya ajira iliandikwa mtangazaji, lakini kipindi chetu cha asubuhi kilikuwa na watangazaji wawili, mwanamume na mwanamke, na mgawanyo wa kazi ulieleweka bila kuandikwa popote: mwenzangu anatania, mimi nacheka. Nilifundishwa hata namna yake. Mtayarishaji aliniambia nianze kabla neno la mwisho la utani halijatoka, ili msikilizaji aliyeko jikoni ajue kwamba hapa ndipo penye utamu. Basi nikajitengenezea kicheko. Kilianza juu, kikashuka kwa ngazi tatu, ha, ha, ha, halafu nikavuta pumzi na kumalizia kwa "Aah, jamani!" Watu walikipenda. Nikicheka kwenye foleni ya dukani, kuna mtu atageuka na kunitambua.

Kabla ya saa tatu tulikuwa na kipande cha habari nyepesi. Mtayarishaji alizitoa mtandaoni, anazitafsiri mbiombio, ananirushia kwenye simu nikiwa tayari nimekaa mbele ya kipaza sauti. Zote zilianza kwa maneno mawili: utafiti umebaini. Umebaini hili kuhusu chai, umebaini lile kuhusu usingizi wa wenye ndoa. Nani amebaini, wapi, baada ya kumuuliza nani, hatukusema, kwa sababu hatukujua na hatukujali. Zilikuwa habari za kujazia nafasi kati ya tangazo la sabuni na muziki.

Asubuhi moja nikasoma kwamba wataalamu huko nje wamegundua wanaume wana kipaji cha kuchekesha kuliko wanawake, na kwamba mwanamke kwa maumbile yake kaumbwa kucheka tu. Kipande cha dakika moja. Mwenzangu akadakia: "Sasa sista, si wewe ndo ushahidi wenyewe? Tangu nikujue hujawahi kunichekesha hata siku moja. Ila kucheka sasa, mashallah!" Na mimi nikacheka. Nilikitoa chote, ngazi tatu na jamani yake, halafu tukaweka muziki. Mtu mmoja akakikata kipande kile na kukirusha kwenye makundi ya simu, na kabla ya adhuhuri kilikuwa kimeshafika Tandale.

Tandale ndiko nilikozaliwa, na ndiko mama yangu alikokuwa na meza ya nazi sokoni. Sijawahi kukutana na mtu aliyechekesha kama mama yangu, na nimekaa studio na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Lakini alikuwa na masharti yake. Hakutania mbele ya wakwe. Hakutania mbele ya wageni, mgeni alipewa kiti, chai na maneno ya heshima. Sokoni mbele ya wanaume alikuwa mkavu kabisa: anagonga nazi kwa kucha, anasikiliza maji yake, anataja bei, basi. Utani wake aliutoa sehemu mbili tu, jikoni akiwa na wanawake wenzake, na msibani. Sisi Wazaramo tuna utani na Wanyamwezi tangu enzi za misafara, kwa hiyo Mnyamwezi akifa mtaani kwetu mama, kama mtani, alikuwa na kazi ya kuwachekesha wafiwa, na aliifanya kwa moyo wote.

Nikiwa darasa la sita alifariki jirani yetu Mnyamwezi, aliyekuwa akibeba magunia sokoni. Mkewe alikuwa na siku ya pili hajala. Wanawake walimbembeleza kwa uji, kwa chai, kwa maneno ya dini, yeye kauma meno, hata chozi halimtoki. Mama akaingia kavaa koti la marehemu, kajitwika gunia tupu, anapepesuka mlangoni. "Pisha, pisha, mzigo huo! Nyie mnalia nini, kafa nani? Mie natoka sokoni nina njaa, huyu mwanamke hata moto hajawasha!" Alikuwa ameichukua sauti ya yule mzee pamoja na kikohozi chake, kile alichokuwa akikikohoa kila alipotaka kudanganya. Mjane akamtazama. Kwanza alikasirika, nilimwona. Halafu mdomo ukamcheza, akacheka, akacheka mpaka akaangukia begani kwa mama, na hapo hapo kikamtoka kilio ambacho kilikuwa kimemkwama tangu jana. Baadaye akanywa uji. Mama alivua koti, akalikunja vizuri, akarudi uani kukuna nazi za msiba.

Alikuwa na mtani mmoja aliyempenda kuliko ndugu zake wa damu. Alikuwa mwanamke, mwalimu wa shule ya msingi, Mnyamwezi wa Tabora, Mkristo, aliyekuja kununua nazi kwa mama siku moja na kumwambia bila salamu, "Mtumwa wangu, nichagulie nzuri." Mama akasahau masharti yake ya sokoni, akamjibu kwamba mtumwa ni yeye, bibi yake aliletwa pwani kafungiwa mzigo kichwani. Urafiki ulianzia pale. Mwalimu alipostaafu alihamia Kibamba na mumewe, lakini simu zao hazikukatika. Walikuwa na ahadi, na waliizungumza mchana kweupe kama watu wanaopanga kwenda harusini: atakayetangulia, au atakayefiwa, mwenzake aje awachekeshe wafiwa. "Nitakuja kukuigiza unavyoficha nazi mbovu chini," mtani alisema. "Na mie nitavaa kofia ya mumeo," mama akajibu, "nikae kwenye kiti chake niagize maji kila dakika."

Jioni ya siku ile ya habari nyepesi nilipitia nyumbani. Mama alikuwa ameshakisikia kile kipande. Kwa kawaida alinisikiliza kila asubuhi, redio ndogo ikiwa kati ya mafungu ya nazi, lakini siku hiyo vijana wa magunia walikuwa wamekirudia kwenye simu zao kuanzia saa nne mpaka anafunga meza. Aliniuliza swali moja tu.

"Hao waliopima, walikuja kwa nani?"

"Mama, ni habari nyepesi tu ile."

"Haya," alisema, na akaniwekea chakula.

Nilikula. Sikuwaza zaidi ya hapo, na leo hilo linaniuma kuliko mengi.

Mwezi haukupita, mume wa mtani akafariki. Tulikwenda Kibamba mimi na mama, naye alikuwa amebeba kanga kuukuu kwenye mfuko kwa ajili ya kujifunga kiunoni wakati wa kazi. Watoto wa marehemu walikuwa wameandaa msiba wa kisasa: turubai, viti vya plastiki vyenye vitambaa, spika mbili kubwa, ratiba iliyochapwa yenye picha ya baba yao, na mshereheshaji wa kukodi aliyevaa suti. Mtani alikuwa amekaa mstari wa mbele kwenye godoro, macho makavu, mikono magotini. Tulipomwamkia alimshika mama mkono na kumwambia neno moja: "Umekuja." Nilijua anasubiri nini. Kila mwanamke aliyekaa karibu naye alijua.

Baada ya kusomwa wasifu, mama aliinuka. Alikwenda mpaka kwenye meza iliyokuwa na picha, akaichukua kofia ya pama ya marehemu, akaivaa, ikamzama mpaka nyusi. Akavuta kiti, akaketi kwa kutanua miguu kama alivyokuwa akiketi yule mzee, na akainua kidole kuagiza maji. Wanawake wawili watatu walianza kuguna kwa kicheko. Mtani aliinua uso.

"Mama, mama, samahani," ikasema spika, sauti ya mshereheshaji. "Ratiba imebana, mama yangu. Na hii kazi ya kuchekesha, sayansi imeshatuambia ni ya sie wanaume, au nadanganya?" Wanaume wakacheka turubai zima. "Na bahati nzuri mtangazaji mwenyewe aliyetutangazia tunaye hapa, namwona. Sista, si kweli?"

Akanielekezea kipaza sauti, na watu wote wakageuka kunitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Ningesema tu, mwacheni mama afanye kazi yake, na pale hapakuwa na mtu wa kunipinga, maana sauti yangu waliijua na kuipenda. Lakini kipaza sauti kilikuwa mbele yangu, na mwanamume alikuwa amemaliza kutania, na mdomo wangu ulikuwa na miaka sita ya mazoezi. Nikacheka. Ha, ha, ha. Aah, jamani.

Mama alivua kofia. Aliifuta ukingo kwa kanga, akairudisha pale alipoikuta, akaja kukaa. Mshereheshaji akaita kwaya. Mtani alibaki vile vile, mikono magotini, na mpaka tunaondoka alikuwa hajacheka wala hajalia.

Njiani kurudi nilimwambia mama kwamba yule mshereheshaji hana adabu. Nilisema kwa ukali, nikitafuta mtu wa kumlaumu.

"Yule simjui," mama alisema. Akageukia dirishani.

Wiki ile nilianza kuutafuta huo utafiti. Nilitaka nimpelekee mama jibu la swali lake, au nimpelekee uongo niliougundua, lolote. Nilikesha? Hapana, sikuhitaji hata kukesha, ilinichukua mchana mmoja. Ukurasa alioutafsiri mtayarishaji wetu ulikuwa umenakili ukurasa mwingine, na huo mwingine ulikuwa umenakili gazeti, na gazeti halikusema watu waliopimwa walikuwa wangapi, wala walichekeshwa na nini, wala nani alikuwa amekaa chumbani akiwatazama. Kwenye kila hatua mtu alikuwa amepunguza neno "labda" na kuongeza alama ya mshangao. Mtayarishaji wetu ndiye aliyeongeza "kwa maumbile yake", kwa kuwa sentensi ilikuwa fupi. Nilipomwuliza alinishangaa. "Dada, ile watu waliipenda sana," alisema.

Sina ugomvi na wanaopima. Wapime kila kitu, ni kazi yao. Hasira yangu ni kwa sisi tunaochukua kitu ambacho hatukukisoma tukakipeleka jikoni kwa watu, halafu kikiharibu tunasema kilikuwa chepesi. Nimewaza mara nyingi mtu huyo wa vipimo angefika Tandale na karatasi zake ingekuwaje. Mama angempa kiti. Angemchemshia chai yenye tangawizi. Angeulizwa kama anajua kuchekesha, angejibu kwa heshima zote, "Mie mwanangu utani siujui, mie nauza nazi." Mtu yule angeshukuru, angeandika sifuri na kwenda zake. Na akishafika njia panda, jikoni kwetu wangekuwa wameshaanza kumuigiza anavyopuliza chai.

Haya yote sikumwambia mama. Niliona haya kurudi kwake na karatasi.

Tangu siku ya Kibamba sikumsikia tena akitania. Nilikuwa nimepanga chumba Mwananyamala, na kila Jumamosi nilikwenda kumwona. Namkuta amefunga mlango wa chumbani, anazungumza na simu kwa sauti ya chini. Nikibisha, anakatisha. "Haya, tutaongea, mgeni wangu kaja," anamwambia aliyeko upande wa pili. Anatoka, ananivutia kiti, anachemsha chai. Ananiuliza kazi inakwendaje, kodi ya nyumba, afya. Nilikuwa nikimchokoza kwa makusudi. Niliwahi kumsimulia habari ya jirani yangu aliyejifungia chooni akaita zimamoto, hadithi ambayo zamani angeipokonya mdomoni mwangu na kuigeuza mchezo mzima. Alisikiliza mpaka mwisho. "Maskini," alisema. "Alitoka lakini?"

Nikasema moyoni, mama amezeeka. Nikasema presha, nikasema mwili umechoka. Niliwaambia wadogo zangu kwamba mama siku hizi hana utani tena, umemwisha, na tukakubaliana tuwe tunamtazama kwa karibu. Nilisema kwa uhakika wa mtu aliyeona kwa macho yake.

Aliugua siku tisa. Siku ya sita hospitalini alipata nguvu kidogo ya kuketi, nikamwomba. Nilimwomba kabisa, kwa maneno hayo: "Mama, nichekeshe." Akanishika kichwa na kiganja chake kilichokauka. "Pumzika, mwanangu," alisema. "Unafanya kazi sana." Siku ya tisa, alfajiri, akafariki.

Kwetu hatuchelewi kuzika. Mchana jeneza lilikuwa limeshatoka na wanaume, na sisi wanawake tumebaki kwenye mikeka, nyumba imejaa ubani na joto. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Sikuwa nimelia. Nilikaa nimeuma meno, wakija na uji nageuza uso, na nilijua kabisa nafanana na nani. Niliyemngoja alikuwa mmoja tu. Nilikuwa namwogopa pia, maana ahadi yao mama hakuitimiza Kibamba, na aliyemzuia ni mimi.

Mtani alifika kama saa tisa, baada ya kubadili magari Mbezi Luis, mguu umemvimba, fimbo mkononi. Nikamwambia shikamoo. "Marahaba," alisema, na akanipita. Akaenda moja kwa moja uani. Tukasikia anapekua vyombo vya mama. Shangazi akataka kumfuata, bibi mmoja akamshika mkono.

Alirudi na mbuzi ya mama ya kukunia nazi. Akaiweka katikati ya mkeka, akaikalia kwa taabu, akanyoosha ule mguu mbovu. Alikuwa na vifuu viwili, akavibandika masikioni na kuvifunga kwa mtandio juu ya kichwa. Akashika upawa mbele ya mdomo. Akatutazama wote, akakohoa kidogo, akakaza mgongo.

"Habari za asubuhi, Dar es Salaam! Utafiti umebaini!" Ilikuwa sauti yangu. Ilikuwa hata ile pumzi ninayoivuta baada ya neno la kwanza. "Utafiti umebaini kwamba nazi ya Tandale, ukiigonga, inapokea simu!" Akageukia upande wa pili, akawa mwenzangu, sauti nzito: "Sista, wewe je, ukigongwa?" Akarudi kuwa mimi. Akatupa kichwa nyuma. Ha, ha, ha. Aah, jamani!

Hakukosea hata ngazi moja. Wanawake walilipuka. Bibi aliyekuwa na tasbihi aliidondosha. Shangazi alijifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Mtani akaendelea, habari ya pili, habari ya tatu, utafiti umebaini wakwe wote wanakoroma kwa Kiarabu, utafiti umebaini mwenyekiti wa mtaa ni mwanamke ila hajaambiwa, na kila moja ikaishia kwenye kile kicheko, na kila mara watu wakazidi.

Halafu akashusha upawa, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Usidhani ni mie," alisema. "Mie nitayajulia wapi haya? Haya ni ya mama yako. Kila siku ukimaliza kipindi ananipigia simu, ananisomea habari kwa sauti yako. Jumamosi ndo alikuwa hodari zaidi, mpaka unapobisha hodi. Hata msiba wa mume wangu yeye ndo alinichekesha, humo humo kwenye simu, nikacheka, nikalia nikamaliza. Alinitimizia. Alisema tu, mwanangu asisikie, ataona namsema."

Nikahesabu Jumamosi zile zote, mlango umefungwa, mimi nje na mkate mkononi nikibisha kwa adabu. Mama yangu hakuwa amenyamaza hata siku moja. Alikuwa amenivutia kiti cha mgeni, na mimi nikakikalia, nikanywa chai, nikaandika sifuri.

Mtani aliinua tena upawa. Kazi yake haikuwa imekwisha, mtani haondoki mpaka mfiwa acheke, na mfiwa alikuwa mimi. Wanawake wote wakanigeukia, nyuso zimelowa, wananisubiri kwa huruma. Nilitaka kucheka. Wallahi nilitaka, kwa ajili ya mama, nilitaka kitoke kile cha mjane wa mbeba magunia, ambacho nyuma yake kuna kilio. Nikafungua mdomo.

Kikatoka kile cha redioni. Ha, ha, ha, ngazi zote tatu, na jamani yake mwishoni. Mkeka mzima ukapasuka kwa kicheko, wakipigana viganja, wakidhani namjibu mtani kwa kujiigiza.